Jenga juu ya Kilichoahidiwa

Mwaka 2024, toleo la 41 la DHIS2, mfumo wa kukusanyia takwimu za afya, lilipotoka, majedwali matatu ndani ya kanzidata yake yalibadilishwa majina. Lililoitwa trackedentityinstance likawa trackedentity, programinstance likawa enrollment, na programstageinstance likawa event. Anayeingia kwenye mfumo huo kwa kivinjari na kujaza fomu hakuona tofauti yoyote kwa sababu hiyo. Aliyeandika programu inayozungumza na mfumo kupitia API, yaani mlango uliotengwa kwa programu nyingine na kuelezwa kwenye mwongozo, naye hakulazimika kujua kuwa majedwali yana majina mapya. Lakini yeyote aliyekuwa amezifunga ripoti zake moja kwa moja kwenye majedwali, kwa SQL inayotaja majina ya zamani, ripoti hizo zilikatika siku seva yake ilipopandishwa toleo. Wala hakuwa na wa kumdai. Majina yale hayakuwahi kuahidiwa kwa mtu yeyote aliye nje ya timu inayoandika mfumo.

Nimeanza na DHIS2 kwa sababu watu wa Mkoa wa Pwani wanaijua kwa vitendo. Takwimu za MTUHA, yaani za uendeshaji wa huduma za afya, kutoka zahanati na vituo vya afya vya Bagamoyo, kuanzia Kiromo na Yombo hadi Makurunge, huandikwa kwanza kwenye vitabu, hujumlishwa kila mwezi, na mwisho wake huingia kwenye DHIS2. Mfumo wenyewe unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na hapa nchini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wake kwa miaka mingi. Msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuusoma. Uwazi huo ni neema kwa nchi kama yetu, lakini humo humo ndimo mtego ulipo: kwa kuwa unaweza kuona kila kitu, ni rahisi kuamini kwamba unaweza kutegemea kila kitu.

Makala haya ni kwa vijana wanaoandika programu huku kwetu, iwe ni kwa shule ya Mapinga, kwa nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, au kwa mradi wa utafiti wa afya. Ni pia kwa wale wanaowalipa vijana hao. Ushauri wangu ni mmoja. Unapotumia maktaba ya msimbo, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine ili wewe usianze mwanzo, tegemea tu sehemu ambazo wenyewe wametangaza kuwa ni zako kuzitumia. Sehemu nyingine zote, hata ukiziona, hata zikifanya kazi leo, ni za wenyewe.

Nyumba ya Kiswahili ya mwambao inalifafanua jambo hili vizuri. Ina baraza, na mgeni hupokewa barazani baada ya kupiga hodi. Ndani ni pa wenyewe. Mwenye nyumba akiamua kuvunja ukuta wa jiko au kuhamishia vyombo chumba cha pili, haendi kumwomba ruhusa mgeni wa barazani. Akiamua kuvunja baraza lenyewe, huyo atawaambia majirani mapema, kwa sababu anajua wanalikalia.

DHIS2 imefanya hivyo hivyo. Njia za zamani za API za kufuatilia wagonjwa mmoja mmoja, kama trackedEntityInstances na enrollments, nazo zimeondolewa, lakini angalia zilivyoondolewa. Kwanza ilitengenezwa njia mpya iitwayo tracker. Kisha zile za zamani zikatangazwa kuwa zinaelekea kustaafu, zikaachwa zikifanya kazi sambamba na mpya kwa miaka kadhaa, ndipo zikatolewa katika toleo la 42 mwaka 2025. Aliyetegemea API alipewa muda wa kuhama kwa starehe. Aliyetegemea majedwali alichoweza kupata ni mistari michache kwenye maelezo ya kupandisha toleo, kama aliyasoma.

Utajuaje kipi ni cha hadharani na kipi ni cha ndani? Kila lugha ya programu ina alama zake. Katika Python, jina linaloanza na kistari cha chini, tuseme _soma_faili, ni la ndani. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa lugha hiyo, unasema hivyo waziwazi. Python haikuzuii kuliita, na ndiyo maana wengi huliita. Katika Java tazama jina la pakiti, na ukikuta neno internal au impl, ishia hapo. Go ni kali zaidi: tangu toleo la 1.5 la mwaka 2015, pakiti iliyowekwa ndani ya folda iitwayo internal haiitiki kutoka nje ya folda mama inayoibeba folda hiyo, kwani amri ya go yenyewe inakataa. Katika JavaScript dalili ni urefu wa njia. Ukijikuta umeandika jina la maktaba, ukafuatisha lib, ukafuatisha jina la faili fulani iliyojificha, umekwisha kuvuka mpaka. Siku mwandishi wa maktaba hiyo atakapoweka sehemu ya exports kwenye package.json, faili ambazo hakuziorodhesha hazitaitika tena.

Timu ya React, maktaba ya JavaScript, ilifika mahali pa kukipa chombo chake cha ndani jina __SECRET_INTERNALS_DO_NOT_USE_OR_YOU_WILL_BE_FIRED, yaani hizi ni siri za ndani, ukizitumia utafukuzwa kazi. Bado kulikuwa na maktaba zilizokitumia. React 19 ilipotoka Desemba 2024, jina hilo halikuwepo tena, na maktaba hizo zikalazimika kuandikwa upya kabla watumiaji wao hawajaweza kuhamia toleo jipya.

Hata hivyo alama hizo hazifiki popote mbele ya nyaraka rasmi. Kanuni ninayoifuata na ninayowafundisha wanaoanza ni hii: kisichoelezwa kwenye mwongozo wa maktaba ni cha ndani, hata kama jina lake halina alama yoyote ya kukukataza. Jambo hili limekuwa na uzito zaidi sasa, kwani vijana wengi wanaomba msimbo kutoka kwa programu za akili mnemba. Programu hizo zimesoma msimbo wa kila aina, ukiwemo ule wa watu waliopita njia za panya, na zinaweza kukupa fanksheni ya ndani kana kwamba ni ya kawaida. Msimbo utafanya kazi mbele ya macho yako. Kabla hujaupokea, tafuta kila fanksheni ya maktaba iliyotajwa humo kwenye mwongozo wa maktaba hiyo. Usiyoiona, itilie shaka.

Kuna kosa jingine linalotokana na kuamini namba za matoleo kupita kiasi. Maktaba nyingi hufuata utaratibu wa namba tatu, kama 4.2.1. Namba ya kwanza ikibadilika, kuna kitu kilichovunjwa. Ya pili, kuna nyongeza. Ya tatu, ni marekebisho ya kasoro tu. Watu huruhusu mashine ijichukulie marekebisho ya namba ya tatu yenyewe, wakijua hayatawadhuru. Lakini utaratibu huo, ukiusoma, unaanza kwa kumtaka mwandishi atangaze kiolesura chake cha hadharani, na ahadi zote zinazofuata zinahusu kiolesura hicho peke yake. Fanksheni ya ndani inaweza kufutwa katika 4.2.2 na mwandishi akabaki mkweli kabisa. Kwa hiyo unapoingia ndani, ujue umejitoa kwenye ulinzi wa namba hizo, na kila sasisho, hata dogo kabisa, linaweza kuwa ndilo litakalokuangusha.

Mambo ya ndani si majina ya fanksheni peke yake. Hyrum Wright, mhandisi aliyefanya kazi Google, alieleza kanuni ambayo sasa inabeba jina lake: watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia ya mfumo inayoweza kuonekana itapata mtu anayeitegemea, hata ile ambayo haikuahidiwa. Mpangilio wa majibu, maneno ya ujumbe wa kosa, idadi ya nafasi mwishoni mwa mstari, vyote hivyo vina mtu aliyevijengea. Waandishi wa Go waliliona hili, wakafanya mpangilio wa vipengele vya map ubadilike makusudi kila unapopitia, ili asipatikane wa kuuzoea.

Kwenye DHIS2 tabia hii ya kutegemea kisichoahidiwa ina sura yake. Kila kituo cha afya, kila kipengele cha takwimu, kina utambulisho wa herufi na tarakimu 11 unaotolewa na API. Huo ndio wa kutegemea. Ndani ya kanzidata kuna pia namba ya kawaida ya kila mstari wa jedwali, fupi na rahisi kukariri, nayo huwavutia wanaoandika SQL. Namba hiyo ni ya kanzidata moja tu. Kituo kilekile kinaweza kuwa na namba moja kwenye seva ya majaribio na nyingine kwenye seva ya kazi, na ripoti iliyoandikwa kwa namba za seva ya majaribio itatoa takwimu za kituo kingine bila kulalamika. Hilo ndilo linalonitisha kuliko programu kukatika. Programu iliyokatika, mratibu wa MTUHA ataiona na atapiga simu. Programu inayotoa takwimu za kituo cha Zinga kwa jina la kile cha Kerege itaaminiwa.

Dunia imekwisha kupitia hasara hizi kwa ukubwa. Java ilikuwa na klasi iitwayo sun.misc.BASE64Encoder, ya ndani, isiyo na ahadi. Kwa miaka mingi lugha haikuwa na njia rasmi iliyo rahisi ya kazi ileile, hivyo programu chungu nzima ziliitumia. Java 8, mwaka 2014, ilileta java.util.Base64 ya hadharani. Java 9, Septemba 2017, ikaiondoa ile ya ndani na kuanza kuzifunga nyingine. Kwa muda kulikuwa na kitufe cha kuziruhusu tena. Java 16, Machi 2021, ikazifunga karibu zote kama hali ya kawaida, na Java 17, Septemba mwaka huohuo, ikakifanya kitufe hicho kisiwe na kazi. Waliohamia java.util.Base64 mapema hawakusumbuka. Waliosubiri walijikuta hawawezi kutoka Java 8, na kila maktaba mpya iliyodai Java ya juu zaidi ikawapita.

Kwa Python, kisa kinachofundisha ni cha pip, chombo cha kusakinishia maktaba. Watu waliona kwamba ndani yake mna fanksheni ya kusoma faili ya requirements, wakaiita kutoka kwenye programu zao. Aprili 2018, pip 10 ilihamishia msimbo wote kwenye pakiti iitwayo _internal. Usakinishaji wa miradi mingi ulikatika siku hiyohiyo, na jibu la timu ya pip lilikuwa fupi na la haki: pip ni programu ya kuendeshwa kwa amri, haijawahi kuwa na kiolesura cha kuitwa ndani ya programu nyingine.

Android nayo. Kuanzia Android 9, mwaka 2018, Google ilianza kuzuia programu za simu kuita violesura visivyo sehemu ya SDK, yaani vifaa rasmi vya watengenezaji wa programu, na kila toleo lililofuata likakaza zaidi. Kwetu hili si la mbali. Simu na vishikwambi vilivyo mikononi mwa walimu na wadadisi wa pwani hii ni vya umri na matoleo mbalimbali, na programu iliyopita kwa mlango wa ndani itafanya kazi kwenye simu ya zamani ya mwalimu wa Kerege, ikagoma kwenye mpya ya mwenzake wa Bunju. Mtengenezaji akiwa na simu moja ya kujaribia, hataelewa wanalalamikia nini.

Sasa nishuke kwenye jambo linalogusa biashara ndogo za mji, ingawa si maktaba kwa maana kamili. Mwenye nyumba ya wageni au mwenye mashua za kupeleka watalii anataka mfumo unaothibitisha malipo ya simu wenyewe. Njia ya mkato inayojulikana ni kuandika programu inayosoma SMS za malipo zinazoingia kwenye simu, ikatafuta kiasi, jina na namba ya muamala katikati ya sentensi. SMS ile imeandikwa ili isomwe na mtu. Kampuni haijaahidi kwamba sentensi itabaki vilevile, wala jina la huduma. Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Programu yoyote iliyokuwa imeandikwa kutafuta maneno ya zamani kwenye ujumbe ilikuwa imesimama juu ya jina ambalo mwenyewe alikuwa na haki ya kulibadilisha wakati wowote. Njia ya uhakika ni API zilizotangazwa kwa kazi hiyo. Vodacom ina API ya M-Pesa kwa watengenezaji wa programu, na zipo kampuni za hapa nchini, Selcom ikiwa mojawapo, zinazounganisha mitandao kadhaa kwa kiolesura kimoja. Kuna usajili, kuna nyaraka za biashara, kuna makato, na kwa biashara ndogo ni usumbufu wa kweli. Nadhani unastahili, kwa kuwa kinachothibitishwa hapo ni fedha. Yupo pia anayeweza kutuma SMS ya kughushi.

WhatsApp ni vivyo hivyo. Maktaba kama whatsapp-web.js hufanya kazi kwa kufungua WhatsApp ya kwenye kivinjari na kuita msimbo wake wa ndani. Waandishi wake wenyewe wanakuonya kwamba WhatsApp hairuhusu jambo hilo na kwamba namba yako inaweza kufungiwa. Kwa hoteli inayopokea oda zote za vyumba kwa namba moja iliyoandikwa hadi kwenye bango la barabarani, kufungiwa namba ni kufungiwa mlango. Tangu Mei 2022 Meta imeifungulia biashara yoyote API rasmi ya WhatsApp. Hiyo ndiyo ya kumshauri mteja, na kama gharama yake haimudu, mwambie aendelee kujibu kwa mkono. Hakuna aibu katika hilo.

Najua kwa nini watu huingia ndani. Mara nyingi si uvivu. Mteja anataka kitu Ijumaa, maktaba ina uwezo wa kukifanya, unauona kwa macho yako ndani ya msimbo, lakini mwandishi hakuutolea njia ya hadharani. Kazi ya siku tatu inakuwa mstari mmoja. Namwelewa kabisa anayefika hapo, ila namwomba kabla ya kuuandika mstari ule afanye mambo mengine kwanza.

Soma mwongozo wa toleo la sasa, si la zamani unalolikumbuka. Mara nyingi uwezo ulioukosa miaka miwili iliyopita umeshaongezwa. Kisha jiulize kama unachohitaji hakiwezi kujengwa kwa vipande vya hadharani vilivyopo, hata kama kitakuwa kirefu kidogo na cha polepole. Ripoti ya mwezi ya wilaya haidhuriki ikichukua dakika mbili badala ya sekunde tano. Halafu waulize wenyewe. Kwa DHIS2 hili ni rahisi kwetu kuliko kwa watu wa nchi nyingi, kwani kuna wataalamu wake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kwenye kundi la HISP Tanzania, safari ya asubuhi moja kutoka Bagamoyo, watu unaoweza kuzungumza nao kwa Kiswahili. Eleza unachotaka kufanya, wala usianze na fanksheni unayotaka kuiita. Wanaweza kukuonyesha njia usiyoijua.

Kuomba huzaa matunda. Mfano ninaoupenda ni wa Django, maktaba ya Python ya kujengea tovuti. Kila modeli ndani yake ina kitu kinachoitwa _meta, kwa kistari cha chini, cha ndani kabisa. Watu walikihitaji sana ili kujua modeli ina sehemu gani, wakakitumia kila mahali. Timu ya Django ilitambua kwamba haja hiyo ni ya kweli, ikakipanga upya, na katika Django 1.8 ya Aprili 2015 ikakitangaza rasmi kuwa cha hadharani, chenye mwongozo na ahadi. Kistari kikabaki kwa ajili ya msimbo wa zamani, lakini hali yake ilibadilika. Ombi lako lililoandikwa vizuri, lenye mfano halisi kutoka zahanati halisi, linaweza kuwa mwanzo wa jambo kama hilo, na litawafaa watu wa Kilifi kule Kenya na Gulu kule Uganda pamoja nawe.

Kuna njia nyingine ambayo wengi huisahau. Ikiwa fanksheni ya ndani ni fupi na leseni inaruhusu, kama zinavyoruhusu BSD na MIT, inakili iwe yako. Weka tangazo la hakimiliki linalodaiwa na leseni, andika imetoka toleo gani, na uitunze kama msimbo wako. Mistari ishirini uliyoinakili haitabadilika usiku ukiwa umelala. Ubaya wake ni kwamba kasoro zikirekebishwa huko ilikotoka, huku kwako hazitajirekebisha, kwa hiyo usiifanye kwa mambo ya usalama kama usimbaji wa nywila.

Na kama baada ya yote hayo hakuna njia ila kuingia ndani, ingia kwa adabu. Andika faili moja tu katika mradi wako inayogusa sehemu ile ya ndani. Msimbo wako mwingine wote uite faili hiyo, kwa majina uliyoyachagua wewe, yanayosema kazi yako na si ya maktaba: takwimu_za_kituo, si jina la jedwali. Siku mambo yakibadilika utarekebisha mahali pamoja. Nimeona miradi ambamo jina la jedwali moja limesambaa kwenye faili makumi, na anayekuja kurekebisha hana hata uhakika kama ameyamaliza yote.

Ndani ya faili hiyo acha maelezo. Unaita nini, kwa nini njia ya hadharani haikutosha, ulijaribu kwenye toleo gani, uliwaomba wenyewe lini na walijibu nini. Andika kwa Kiswahili kama atakayekurithi ni Mswahili. Kijana aliyeandika programu ya halmashauri mara nyingi ameshapata kazi Dar es Salaam au Dodoma kabla programu haijavunjika, na anayeachiwa ni mtu ambaye hakuwepo siku uamuzi ulipofanywa.

Funga toleo la maktaba hiyo kwa namba kamili, bila kuruhusu mashine ichague jipya. Lakini tafadhali usiishie hapo ukadhani umepona. Desemba 2021 lilipogunduliwa tundu la Log4j, maktaba ya Java inayotumiwa na mifumo isiyohesabika, dunia nzima ilibidi ipandishe toleo kwa haraka, na ndani ya mwezi huohuo yalifuatana matoleo 2.15.0, 2.16.0 na 2.17.0, kila moja likiziba kilichobaki. Aliyefungwa na msimbo wa ndani kwenye toleo la zamani siku kama hiyo ana machaguo mawili mabaya: kuacha mlango wazi kwa wezi, au kupandisha toleo na kuvunja kazi ya watu. Kufunga toleo kunakununulia muda wa kutoka, na muda huo utumie kutoka.

Kisha andika jaribio linaloigusa sehemu ile ya ndani moja kwa moja na kukagua majibu yake. Liulize: je, jedwali hili bado lipo, lina safu wima hizi, na kwa kituo ninachokijua linatoa jumla ninayoijua? Liendeshe kila kabla ya kupandisha toleo kwenye seva ya kazi, juu ya nakala ya kanzidata. Swali la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu ndilo linalokamata takwimu zisizo sahihi zilizovaa sura ya usahihi. Na likifeli, programu isimame na kusema wazi kwa nini, kwa maneno ambayo mratibu wa wilaya anaweza kuyasoma kwenye simu.

Kwa upande wa wanaolipa: mkurugenzi, mwenye hoteli, mkuu wa shule, kiongozi wa mradi. Huhitaji kujua kuandika msimbo ili ujilinde. Kabla ya kupokea kazi, mwombe mtengenezaji akuandikie orodha ya mifumo na maktaba ambazo programu yako inazitegemea, na pembeni ya kila moja aseme kama anaitumia kwa njia iliyoelezwa kwenye mwongozo rasmi au kwa njia nyingine. Muulize pia itakuwaje mfumo huo ukipandishwa toleo, na nani atafanya marekebisho kwa malipo gani. Mtengenezaji mzuri hatakasirika. Atafurahi kwamba kuna aliyeuliza, na kazi ya kutengeneza njia sahihi itaingia kwenye bei mapema badala ya kuja kama dharura. Ukimsukuma amalize kwa nusu ya muda aliouomba, ujue njia ya ndani ndiyo iliyo fupi, na kwamba umemwelekeza huko wewe mwenyewe.

Kama tayari una programu inayofanya kazi na hujui imesimama juu ya nini, kazi ya kuanzia ni ya saa chache. Tafuta ndani ya msimbo wote maneno internal na impl, majina ya maktaba yanayofuatiwa na kistari cha chini, njia ndefu zenye lib na dist, na kila SQL inayotaja jedwali ambalo hukuliunda wewe. Andika orodha. Usijaribu kuyarekebisha yote wiki hiyo. Panga kwa kuangalia nani ataumia kila moja likikatika na lini, kisha anza na lile linalolisha ripoti yenye tarehe ya mwisho, maana hilo likianguka tarehe tano ya mwezi, kuna mhudumu wa zahanati atakayerudi kujumlisha kwa kalamu huku wagonjwa wakimsubiri kwenye benchi.